Chama cha kahawa kinataka databesi, nikiuliza wanataka nini wananiambia "mfumo mzuri". Nianzie wapi?

kijana_wa_Wanale:

Mulembe wote. Naombeni msaada maana nimekubali kazi na sasa usingizi umepungua. Nimemaliza diploma ya kompyuta mwaka jana, niko hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, natengeneza simu na laptopu, programu naandika nikipata mteja. Mjomba wangu ni mwanachama wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa huko juu upande wa Sironko, akanipigia debe kwa mwenyekiti, nikaitwa, nikaambiwa wanataka databesi. Wanachama ni kama 640 na kila kitu kiko kwenye kaunta buku, zimejaa kabati mbili na moja panya wameshaanza kuisoma kabla yangu.

Sasa shida. Nilipanda na kalamu yangu nikamuuliza mwenyekiti, mzee, mnataka mfumo ufanye nini, akasema mfumo mzuri wa kisasa. Katibu akasema kila kitu kiwe ndani ya kompyuta. Mhasibu hakusema kitu, aliangalia saa tu. Nikarudi mjini nikaandaa fomu ya maswali 32, nikapiga chapa nakala kumi na tano, nikatuma na boda. Zimerudi nne, na tatu mwandiko ni wa mtu mmoja.

Chuoni tulifundishwa kuchora majedwali na kuyanyoosha mpaka data isijirudie, mambo ya Codd, yule mtaalamu aliyebuni databesi za majedwali, ya tangu 1970, hayo nayaweza hata usiku, lakini hakuna aliyenifundisha kumfanya mzee aseme anachotaka. Kwa sasa nimeshachora majedwali 9 kwa kukisia, wanachama, mauzo, malipo, bei na mengine. Niendelee tu au nirudi kuuliza tena? Deni la laptopu ninalo kwa hiyo msinizungushe.

fundi_busia:

Hayo majedwali 9 yaweke kando. Usiyatupe, ila usiyapende sana, maana ukishayapenda kila atakachokuambia mtu utakilazimisha kiingie humo.

Nikupe yaliyonikuta mimi ucheke halafu ujifunze. Kuna akiba ya waendesha boda niliwahi kuwatengenezea sistimu, miezi mitatu nzima, skrini safi, ripoti safi, mwenyekiti alipiga makofi siku ya kuizindua na soda tukanywa. Ilitumika siku nne. Kumbe mtunza hazina wao anapokea pesa saa moja jioni pale stejini, amesimama, tochi ya simu iko mdomoni, watu kumi wanamsukuma, na mimi nimemwekea sehemu ya kwanza kabisa kwenye skrini aandike namba ya mwanachama. Namba! Yule bwana hajui namba ya mtu hata mmoja, anawajua kwa jina la utani na kwa namba ya pikipiki. Sikuwahi kwenda pale stejini jioni hata siku moja, niliongea nao saa nne asubuhi ofisini, kwenye viti, wote wakaniambia ndio ndio iko sawa.

Kwa hiyo wewe acha kuuliza wanataka nini. Waombe kaunta buku. Kaa na karani akufungulie ukurasa wa siku yenye kazi nyingi, siku ya soko ama siku ya malipo, akusomee mstari mmoja mmoja kwa mdomo wake, hii ni nini, hii namba imetoka wapi, hapa kwa nini kumekatwa na kalamu nyekundu. Sehemu zilizokatwa ndizo dhahabu. Kila mahali wameandika pembeni kwa herufi ndogo "amelipiwa na shemeji" au "atarudisha gunia" ujue hapo kuna kitu ambacho mistari ya daftari ilishindwa kukibeba, na jedwali lako nalo litashindwa vile vile usipokijua mapema. Piga picha hizo kurasa kama watakuruhusu, na uombe ruhusa kwanza, usipige kwa kuiba.

Halafu panda siku ya kupima kahawa kwa mzani. Sio kuangalia dakika kumi, kaa kuanzia wanapofungua mpaka wanapofunga.

dogo_kodi:

Mimi napinga kidogo hapa. Watu hawajui wanachotaka mpaka wakione, hiyo iko wazi duniani kote. Mpe kitu cha wiki mbili, hata kiwe kibovu, aseme hiki sitaki hiki nataka, unarekebisha. Hayo mambo ya kukaa kwa mzani siku nzima ni ya watu wenye wafadhili.

Mama_Rekodi:

Nyie wawili msimchanganye mtoto wa watu. Mimi sio mtu wa programu, niko chumba cha rekodi kwenye kituo cha afya miaka mingi, na mifumo nimeona ikija na kuondoka, kwa hiyo naongea kama yule anayewekewa.

Anzia mwisho. Sisi rejista zetu zina safu nyingi mpaka mkono unauma, na ukiuliza kwa nini kuna safu hii ya umri imegawanywa hivi, jibu ni kwamba mwisho wa mwezi kuna fomu ya HMIS 105, ile ripoti ya kituo ya kila mwezi, lazima ijazwe na iingie DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya, tangu 2012 ndivyo tunavyoishi. Safu ipo kwa sababu kuna mtu huko juu anaisubiri. Na chama chako hivyo hivyo. Uliza ni karatasi gani zinatoka nje ya ofisi hiyo, inapelekewa nani, tarehe ngapi, na ikichelewa nani anafokewa. Ripoti ya mkutano mkuu, barua ya benki, karatasi ya mnunuzi, ya afisa ushirika wa wilaya. Zikusanye zote hata zile za kahawa imemwagika juu. Kisha rudi nyuma kwa kila namba uliyoiona kwenye karatasi, uliza inahesabiwaje na nani anaiandika mara ya kwanza. Ukikuta namba haina mtu anayeiandika popote, banange, hapo umepata kazi.

La pili ni maneno. Fungua ukurasa mmoja wa daftari lako mwenyewe uwe unaandika maneno wanayotumia. Kwetu "mgonjwa mpya" kwa muuguzi ni mtu ambaye hajawahi kumwona, kwa rejista ni mtu aliyekuja na ugonjwa mpya hata kama tunamjua tangu azaliwe. Tulibishana mwaka mzima kwa neno moja. Huko kwenu mlimani watu wataongea Lumasaba kwa mzani, Kiswahili na nyie wa mjini, na barua za benki ni Kiingereza, kwa hiyo kitu kimoja kitakuwa na majina matatu na jina moja litabeba vitu vitatu. Usipolisawazisha hilo mapema utajikuta na majedwali mawili ya kitu kimoja.

Na dogo_kodi hajakosea kabisa ila ukimpa mtu skrini mapema anaanza kukuambia rangi. Kila mara wananiuliza kuhusu mfumo mpya natoa maoni ya rangi kwa sababu ndicho ninachokiona!

fundi_busia:

Hahaha nnyabo umenimaliza na rangi. Ni kweli. Mimi siku hizi nachora skrini kwenye karatasi ya manila kwa penseli, naibandika ukutani, nampa karani kalamu nyekundu achore juu yake. Karatasi haimwogopeshi mtu. Laptopu ikifunguliwa wanakaa kama wako kanisani.

kawa_mbale:

Niko upande wa wanunuzi hapa mjini, sisemi ni wapi. Ongeza mnunuzi kwenye orodha ya watu wa kuulizwa, maana kuna kitu mwenyekiti hatakuambia kwa sababu hajui bado kama kitamgusa. Kama kahawa yao inaenda Ulaya kuna ile sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu misitu, tarehe ya kuanza kutumika imeshasogezwa zaidi ya mara moja lakini wanunuzi tumeshaanza kuuliza. Inataka ujue kahawa imetoka shamba gani na kwamba hapo hapakuwa msitu uliokatwa baada ya 31 Desemba 2020. Shamba la hadi hekta 4 nukta moja ya ramani inatosha, likizidi hapo lazima mzunguko mzima wa mpaka, na hizo namba za latitudo na longitudo ziwe na desimali sita.

Kwa hiyo kama kwenye jedwali lako umeweka shamba kuwa ni safu ndani ya mwanachama, pole. Mkulima wa mlimani ana kipande hapa, kipande cha marehemu baba yake kule, na kingine amekodi kwa jirani.

kijana_wa_Wanale:

Nimerudi wandugu, samahani kwa kimya, nilipanda siku tatu na mvua ilinikuta huko. Asante fundi, asante mama. Nilikaa kwa mzani Jumanne kuanzia saa tatu mpaka giza na niseme ukweli majedwali 9 yamebaki mawili, na hayo mawili nayo yanaumwa.

Kwanza uzito. Mimi niliandika safu moja, kilo. Kumbe mtu analeta cheri, yaani matunda mabichi ya kahawa, zinapimwa na gunia, wanatoa uzito wa gunia, halafu zinamwagwa kwenye pipa la maji, zile zinazoelea zinatolewa pembeni maana hizo ni tupu au zimeliwa na wadudu, zilizozama zinapimwa tena. Zinazoelea wengine wanarudi nazo nyumbani wengine wanaziuza hapo hapo kwa bei ya chini. Kwa hiyo mzigo mmoja una uzito tatu na bei mbili. Kuna wazee wengine hawaleti cheri, wanakoboa na kuosha na kukausha nyumbani wanaleta pachimenti, yaani mbegu zikiwa bado na ganda la ndani, na hiyo ni kilo nyingine kabisa, kama kilo tano za cheri ndio unapata kilo moja ya pachimenti kavu. Karani anazijumlisha kichwani. Kichwani! Nikamuuliza ukiumwa nani anajua, akacheka.

Pili majina. Kwenye ukurasa mmoja nilikuta Mafabi wanne na Nambozo watatu. Karani anawatofautisha kwa kuandika "wa mtoni" na "wa kwa padri". Nilikuwa nimeweka namba ya NIN, zile herufi na namba 14 za kitambulisho cha taifa, ndio ufunguo, yaani alama ya kumtofautisha kila mwanachama, lakini kuna wazee kitambulisho kimepotea na vijana wengine hawajapewa, na namba ya simu ndio balaa zaidi, simu moja watu wanne, laini imesajiliwa kwa jina la mtoto anayesoma Jinja.

Tatu, mama mmoja alileta debe mbili, karani akaandika jina la mume. Nikauliza kwa nini, akasema uanachama ni wa mume. Yule mama akanitazama akasema kwa Kiswahili kabisa "andika wewe kwenye kompyuta yako kwamba ni mimi nimechuma". Sijui nifanye nini na hilo, mwenyekiti hajalitaja kabisa.

Nne, pesa zinatumwa kwa simu, na mkulima akienda kutoa anakatwa ada ya wakala na ile kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kutoa, anapanda mlima kuja kulalamika kwamba chama kimempunja. Mhasibu anatumia nusu ya wiki kuelezea kitu ambacho sio chake.

Swali langu sasa: ufunguo wa mwanachama niweke nini? Na huyu mhasibu bado hajaongea. Ananipa chai, ananijibu "katibu anajua".

fundi_busia:

Umeona sasa! Ufunguo tengeneza namba yenu wenyewe ya mwanachama, isiyo na maana yoyote ndani yake, isiwe na kijiji wala mwaka wa kujiunga maana watu wanahama. NIN, simu, "wa mtoni" viwe sifa tu ambazo zinaweza kukosekana au kubadilika. Lakini kwenye kutafuta, karani aandike "Mafabi mtoni" amwone. Usiue jina lake la utani, ndiyo namba ya kweli ya pale.

Kuhusu yule mama, mwenye kuleta mzigo na mwenye uanachama ni watu wawili, weka nafasi mbili. Chama kikiamua kuacha moja tupu ni shauri lao, lakini ukiweka moja tu umeshawaamulia wewe.

Mama_Rekodi:

Hilo la mama liandike na ulisome kwenye kikao mbele ya wote, usilipeleke kwa mwenyekiti peke yake likafia hapo. Na kabla hujakusanya NIN na picha za vitambulisho kumbuka kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019, kila taarifa ya mtu unayoichukua uwe na sababu yake. Kila safu uliyoiandika jiulize ni ya nini, kama jibu ni "labda siku moja itahitajika" ifute. Panya wale wa kabatini wanasoma daftari moja moja, kompyuta ikiibiwa zimekwenda zote 640.

mkaguzi_mstaafu:

Nimekuwa nasoma kimya kimya. Nimekagua vitabu vya vyama vya aina hii kwa muda mrefu kwa hiyo niongezee mawili tu.

Muulize kila mmoja wao "mwaka huu" maana yake nini. Usicheke, uliza. Mtu wa kahawa atakuambia Oktoba hadi Septemba maana ndio mwaka wa kahawa wa Uganda. Aliyezoea mambo ya serikali atakuambia Julai hadi Juni. Mkulima mwaka wake unaanza Januari au Februari shule zikifunguliwa, hapo ndipo anakuja kuomba pesa za karo. Ukitoa ripoti moja ya "mwaka" kwenye mkutano mkuu watu watatu watapiga kelele na wote watakuwa sahihi. Hifadhi tarehe kamili ya kila tukio, mwaka uhesabiwe wakati wa kutoa ripoti.

La pili, uliza nani anaruhusiwa kusahihisha. Karani akikosea akaandika 47 badala ya 74 leo anafanya nini? Kwenye daftari anakata na kuweka sahihi pembeni, na ule mkato unabaki, mkaguzi anauona. Kwenye mifumo mingi niliyoletewa mtu anafuta tu na namba mpya inakaa kama malaika. Hiyo mimi naiita daftari lenye raba. Mfumo wako usifute, uandike mstari wa pili wa kurekebisha wenye jina la aliyefanya na saa.

Ahh na mhasibu. Kijana, mtu anayenyamaza kwenye kikao cha mfumo mpya ana moja kati ya mambo mawili, anaogopa kazi yake inaisha au ana kitu ambacho hawezi kukisema mbele ya wale wengine. Yote mawili hayatoki ofisini. Mtafute akiwa peke yake, mbali na meza, na usianze na kompyuta. Usimwahidi pia kwamba utamficha kitu.

dogo_kodi:

Sawa nimekubali kwa mzani, siwezi kubishana na pipa la maji. Lakini usikae miezi sita unauliza tu bwana. Weka tarehe ya kuacha kuuliza.

kijana_wa_Wanale:

Tarehe nimeweka, wiki mbili kutoka leo, na nitaandika karatasi mbili tu: mfumo utafanya haya, na mfumo hautafanya haya, wapige muhuri zote mbili.

Mzee mkaguzi, ulijuaje? Nilimsubiri mhasibu jana akitoka, tukatembea pamoja mpaka barabara ya chini, kama saa nzima hivi kwa miguu, tunaongea mambo ya mpira na watoto. Tulipofika kwenye daraja akatoa mfukoni kijitabu kidogo, kile cha mia tano, kimekunjwa mpaka kimekuwa mviringo. Ndani ni advansi. Watu wanakuja Februari wanachukua pesa ya karo, wanalipa kwa kahawa msimu ukifika. Mwenyekiti anaiita msaada, katibu anaiita mkopo, wakulima wanaiita "ile ya shule", na kwenye kaunta buku haipo hata mstari mmoja kwa sababu kamati haijawahi kupitisha rasmi kwamba chama kinakopesha. Nilihesabu majina 58. Baadhi ya hayo majina ni ya kamati.

Amesema niamue mwenyewe kama iingie kwenye mfumo. Mimi naona bila hicho kijitabu hesabu ya malipo ya mkulima haitatoka sawa hata siku moja, maana anakatwa deni ambalo mfumo haulijui.

mkaguzi_mstaafu:

Sio wewe wa kuamua, na sio yeye. Hicho kijitabu usikipige picha, wala usitaje majina yaliyomo. Wewe kwenye kikao uliza swali moja: mkulima akichukua pesa kabla ya mavuno, tunaiandika wapi? Halafu kaa kimya, hata wakinyamaza dakika tano usiwasaidie.

Mama_Rekodi:

Na yule mama wa debe mbili awepo kwenye kikao hicho.

kijana_wa_Wanale:

Kikao ni Alhamisi saa nane mchana. Mama nimemtumia ujumbe kupitia kwa mjomba, amesema atakuja na wenzake watano. Manila nimenunua nne.